Jiwe Lililorudi Jikoni

Kwa nini bibi aliirudia kazi ya kusaga wimbi kwa jiwe, wakati mashine ya kusaga ilikuwa jirani kabisa na kwetu? Nilikuwa darasa la sita, kijijini Nyansurura, na swali hilo lilinikera kila alfajiri nilipoamshwa na mkwaruzo wa jiwe juu ya jiwe, harufu ya unga mbichi ikinifuata hadi kitandani. Jiwe lenyewe lilikuwa limetupwa nje ya jiko tangu sijaanza shule, kuku wakinywea maji humo.

Lilirudi ndani kwa sababu ya gazeti. Baba mdogo Mwita, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa mwandishi wa habari Mwanza kabla ya kuhamia Norwei, na kutoka huko akawa anaandika safu ya kila wiki kuhusu kijiji chetu. Gazeti lilitufikia kwa bodaboda kutoka Tarime, limechelewa na linanuka petroli. Mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti, bibi akiwa kwenye kigoda chake na majirani wamejaa uani. Wiki moja nikasoma kwamba mama yake bado anasaga wimbi kwa jiwe, kwamba ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja bado anaongoza kundi, na kwamba siku atakayorudi atausikia mlio wa jiwe kabla hajaiona nyumba.

Mzee Marwa, jirani yetu, alicheka hadi akashika mbavu. "Mwenye pembe moja? Si tulimla Krismasi? Mura huyu huko Norwei anachunga mizimu!"

"Marwa, nyamaza mtoto asome," bibi alisema. Yeye hakucheka. Kesho yake alifukuza kuku, akalisugua jiwe kwa majivu, akaanza kusaga.

Mimi nilishaamua kwamba baba mdogo ni mwongo, na nilimwambia bibi hivyo.

"Uongo uko wapi, Bhoke? Unga si huu hapa?"

"Lakini alipoandika ulikuwa unapeleka mashine!"

"Sasa sipeleki. Haya, sema uongo uko wapi."

Nilikuwa na hasira tu, kwa sababu bega la kulia lilianza kumuuma, na jioni nilimkanda kwa maji ya moto huku mama akilalamika kwamba mkwe wake atajimaliza kwa ajili ya gazeti. Bibi alitazama njia. Mtu akitokea kwenye kona na begi mgongoni, aliacha alichokuwa anafanya hadi sura yake ionekane vizuri.

Nilipanga kumwumbua baba mdogo kwa simu. Tatizo ni kwamba mtandao ulishika juu ya mwamba nyuma ya zizi tu, na bibi alipanda huko peke yake kuongea naye kila Jumapili akitoka kanisani. Nilipomfuata alinirudisha. "Una maswali mengi wewe, utanimalizia salio." Kutoka chini nilimsikia akiongea Kikurya kirefu, akicheka kama msichana. Nilidhani anaulizwa habari za afya.

Safu ile ilimpa baba mdogo jina. Ikakusanywa ikawa kitabu, na wasomaji wakamsifu kwa kutosahau kwao. Mimi nilifika chuo kikuu, nikafundishwa kuiuliza kila sentensi imetoka kwa nani. Nimewauliza hivyo walimu, wachungaji na wanasiasa. Siku hizi safu yake naisoma kwenye simu, bila kuchafuka wino vidoleni, na tangu bibi afariki haina tena neno moja kuhusu Nyansurura. Zamani ningedhani amechoka kutunga.

Alirudi kumzika bibi. Alipokata kona alisikia mashine ikinguruma. Alinikuta nje ya jiko, kuku wakinywea maji kwenye jiwe lililotupwa nje tena.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hilo jiwe mbona liko nje?"

"Watu wanapeleka mashine. Ipo tangu sijaanza shule."

Alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye maji yale.

"Mama hakuniambia kuna mashine," alisema. "Kila Jumapili alinisimulia jiwe, ng'ombe, yote yapo kama nilivyoyaacha. 'Andika hivyo hivyo,' alikuwa akisema, 'usije ukadhani huna pa kurudi.' Nami nikaandika alivyosema."