Mdogo Wangu na Darubini ya Chile

Mdogo wangu alikuja kututembelea Muyinga vita vikiwa bado vinaendelea. Alipitia Tanzania, kwa sababu barabara ya kwetu Gitega ilikuwa na wapiganaji wanaovizia watu. Mimi na Mama tulikuwa tumekimbilia kwa mjomba baada ya duka letu la vitenge kuvunjwa.

Shuleni, mimi ndiye niliyemshinda kwa hesabu. Lakini marehemu Baba alisema dukani panahitajika mtu, na mkubwa nilikuwa mimi. Yeye akasoma, akaenda mbali, akaishia kwenye darubini kubwa huko Chile.

Mchana ule majirani walijaa uani kumsikiliza. Mama mmoja Mkongomani, muuza sabuni, aliuliza, “Hiyo kioo yenu iko kubwa namna gani?”

“Kuliko chumba kizima, mama. Lakini hatutazami kwa jicho. Kioo kinakusanya mwanga, kamera iliyopozwa sana inaupokea. Kuna na chombo kingine kinachoupasua mwanga wa nyota kama upinde wa mvua. Ndani yake mnakuwa na mistari myeusi. Kwa mistari hiyo tunajua nyota imeundwa na nini.”

Mama yetu alikuwa amenigeuzia mgongo, akimsikiliza yeye. Mimi niliyelala naye migombani Bugendana tukikimbia, risasi zikilia, hakuwahi kunisikiliza hivyo. Nikauliza, ili mdogo wangu akwame, “Na nyota ikiwa inatukimbia, mistari itabaki palepale?”

Akanitazama. “Haibaki, dada. Inasogea. Nyota ikiyumba mbele na nyuma, tunajua kuna sayari inayoizunguka, hata kama hatuioni. Nani alikufundisha?”

“Hakuna.”

“Kazi hii ungeiweza kuliko mimi.”

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililoniunguza. Afadhali angenidharau.

“Huyu?” Mama akacheka. “Huyu ni wa vitenge. Endelea, mwanangu.”

Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi mpakani Kobero. Akanishika mkono. “Nikupatie shule, dada? Hujachelewa.”

“Na Mama atabaki na nani?”

Akauachia mkono wangu, akachukua begi lake. Nilifurahi kumshinda tena, kisha akavuka.

Amani iliporudi nilifungua tena duka Gitega. Wateja huniuliza habari zake, nami huwaeleza ile mistari vizuri, polepole, mpaka waelewe. Wakishaelewa husema, “Mdogo wako ana akili kweli.”