Redio ya Upepo Kwenye Pikapu

Siku mume wangu alipoleta zile redio nilizikataa kabla hajafungua boksi. Si kwamba nilijua lolote kuhusu redio za upepo, hizi za kuongea na mtu wa mbali naye akakujibu. Niliangalia boksi tu. Lilikuwa na picha ya gari ambalo halijawahi kupita barabara ya Mbulu, na maneno ya Kiingereza ambayo hata mimi, mwalimu wa darasa la tatu, niliona yamekosewa. Nikamwambia kama hawakuweza kuandika boksi vizuri, humo ndani watakuwa wameweka nini?

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu umeshakatwa kutoka Arusha na maduka yamejaa vitu vya China: tochi, miavuli, saa za mkononi zilizonunuliwa Krismasi na kufa kabla ya Pasaka. Mume wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya misheni, na mmisionari mmoja wa huko akamwambukiza ugonjwa wa redio. Alipostaafu akasoma, akafanya mtihani, akapata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaoongea hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara. Nilimuuliza, mtu mzima, mzee wa kanisa, utaongea na nani kwa kupenda tu? Akanijibu, "Na yeyote atakayejibu." Jibu lile halikunikaa vizuri.

Moja aliifunga kwenye pikapu, chini ya dashibodi, na antena akaisimamisha juu ya bodi. Ya pili aliiweka sebuleni kwangu, juu ya meza ya vitambaa, ikila umeme wa betri iliyochajiwa na sola. Nje akasimamisha mti mrefu wa mkaratusi na kufunga antena nyingine kileleni. Nyumba yetu iko mgongoni mwa kilima, upande wa Mbulu unaotazama mlima Hanang, kwa hiyo alisema tumebahatika, sauti zitafika mbali. Mimi niliona tumebahatika kuonekana na kila mpita njia.

Redio yenyewe ilikuwa na vituko. Ilikuwa na feni ndogo mgongoni iliyolia kama mbu aliyenaswa, na bado ikaweza kupata moto hata paka akahamia juu yake. Boksi lilisema wati hamsini, lakini waya wa umeme ulikuwa mwembamba hivi kwamba mume wangu mwenyewe aliupindapinda mkononi akiguna. Akiongea zaidi kidogo betri ililala na sisi tukalala gizani. Mara nyingine, pale palipotakiwa kuwa na ukimya, ulipenya muziki wa stesheni fulani ya Arusha, halafu ukapotea kabla hujaujua wimbo. Na kila alipobonyeza kitufe, mwanamke alisema kitu kwa Kichina. Kweli kabisa, mwanamke, sauti nyororo. Ilimchukua mume wangu muda kujua jinsi ya kumnyamazisha, na mimi nilikuwa naangalia kama anajitahidi kweli.

Majirani nao walikuwa na yao. Mvua ilipochelewa, mashineni tuliposaga mahindi, mama mmoja alinisalimia vizuri kisha akauliza kama ule mti wa mume wangu haufukuzi mawingu. Mwingine alisikia kwamba pikapu inahesabu ng'ombe wa watu ikipita na kupeleka idadi wilayani. Niliwacheka, nikatetea waya na feni kwa ukali wote, nikarudi nyumbani nikauangalia ule mti kwa jicho baya. Sikuamini habari za mawingu. Lakini kwamba mzee yule alikuwa anapeleka kitu mahali fulani, hilo nililiona linawezekana.

Maana kila Alhamisi alishuka wilaya ya Hanang. Alisema anakwenda kujaribu masafa, ajue redio inafika wapi na inakatikia wapi. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na ile ya mezani na kusikiliza. Kujibu alinikataza, kwa kuwa sina leseni, labda kuwe na hatari. Basi nikawa mke wa kusikiliza. Alisema, "Mama watoto, kama unanisikia, niko Katesh, gereji, ova," nami nikakaa kimya nikichagua maharage.

Alichosahau ni kwamba mtu akisikiliza sana anajifunza. Alipokuwa Katesh kweli, mlima Hanang ulikaa katikati yetu na sauti yake ikaja na mikwaruzo, kama kitunguu kinakaangwa. Alipokuwa tambarare, upande wa Gehandu, mlima ulisogea pembeni na sauti ikaja safi, utadhani yuko uani anakata kuni. Wiki baada ya wiki akawa anasema yuko Katesh kwenye gereji, na sauti safi. Machale yakanicheza. Mtu anayedanganya mahali alipo anaficha mtu aliye naye.

Nikaanza kumchunguza. Sukari niliyoona kwenye pikapu asubuhi haikurudi jioni. Kitenge cha kijani nilichokiona chini ya kiti, nikakaa nasubiri niletewe, sikukiona tena. Na alirudi akinukia maziwa ya kibuyu, yale yenye moshi, wakati sisi kwetu tulishahamia kwenye sufuria zamani. Nilimuuliza amekunywa wapi. Akasema gereji. Gereji gani ya Katesh inakukaribisha maziwa ya kibuyu? Sikuuliza hilo. Nilimpa chakula chake na nikalala nimempa mgongo.

Hapa lazima niseme habari ya mwanetu, kwa sababu nyumbani mwetu ilikuwa haisemwi. Ni mtoto wetu wa mwisho, kijana mtu mzima. Kwetu hatuweki ng'ombe wote kwenye zizi moja. Unaweka baadhi kwa marafiki, ugonjwa ukija au wezi wakija usibaki mikono mitupu. Mume wangu alikuwa na mitamba miwili kwa rafiki yake huko Gehandu. Kijana akapenda binti wa wafugaji wa tambarare, baba yake akasema hapana. Kijana akashuka Gehandu, akamwambia yule rafiki kwamba ametumwa na baba, akachukua mitamba, akaitoa mahari. Mume wangu alipojua alisimama mbele ya ukoo akasema yule si mtoto wake na asikanyage kwake. Mimi nililia mbele za watu wote, akaniambia ninyamaze. Simu ya kijana haikupatikana tena. Kila nilipomtaja, mume wangu aliinuka akatoka nje, mpaka nikabaki namtaja kwenye sala tu, tena kwa kunong'ona. Nilikuwa namtaka mwanangu arudi kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Kwa hiyo nilipoanza kufikiria nyumba ndogo ya mume wangu, hasira yangu ilikuwa mara mbili. Mwanangu amefukuzwa kwa sababu ya msichana wa tambarare, halafu baba yake anajipatia wake huko huko, na kumnunulia vitenge!

Alhamisi moja mchana nilikuwa sebuleni na ungo wa maharage. Redio ikawasha taa yake ya kijani. Nikasubiri uongo wa siku hiyo. Haukuja. Nikasikia kitu kizito kikigongagonga na kukwaruza, mlango wa pikapu, mbuzi, upepo. Taa haikuzima. Nikaelewa: maiki ameitupa kitini na kitu kimekalia kitufe, maana mkono wa mtu hauwezi kubonyeza na kusahau namna ile. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni mfuko wa sukari. Wakati ule nilijua tu kwamba mume wangu yuko hewani na yeye hajui. Niliuweka ungo chini. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilivuta kiti nikaweka sikio kwenye spika, joto lake likanichoma shavu.

Sauti ya mtoto mdogo ikaita, "Babu! Babu!"

Mtoto wa nani anamwita babu? Nikaanza kupiga hesabu za umri wa huyo mwanamke. Nikafikiri ni mjane mwenye wajukuu, amepewa kitenge changu. Mwanamke akasalimia kwa mbali, sauti changa kabisa, hata hesabu zangu zikaharibika. Kisha mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, mtu akapanda kwenye gari, akasema kwa Kiiraqw cha nyumbani, "Shuka ukae ndani baba, jua ni kali."

Nilimjua kabla hajamaliza. Sauti ilikuwa imekuwa nzito, lakini mama huwezi kumficha. Niliishika meza kwa mikono miwili.

Mume wangu alisema hakai, ana haraka. Wakaulizana habari za ng'ombe, za mtama. Alikuwa anaongea naye kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu siku ile ya ukoo, na mimi nikaanza kumsamehe yote, sukari, kitenge, na gereji ya maziwa. Nikasema kumbe mzee ana aibu tu. Alimfukuza mbele za watu, sasa anarudi kwa mlango wa nyuma asionekane ameshindwa. Nikawa natabasamu peke yangu na machozi yananitoka.

Kijana akauliza, "Na mama? Bado hataki?"

Nikashangaa. Mimi nisitake nini?

Mume wangu akakohoa kile kikohozi chake cha kanisani. "Mimi nilishasamehe zamani, unaona nakuja. Ni mama yako. Nimemwambia mara nyingi. Anasema hataki kukuona, wala mke, wala huyu mtoto. Ukija nyumbani atatoka yeye."

Sikuwahi kupigwa maishani mwangu, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Nilidaka maiki nikabonyeza, nikapiga kelele, "Muongo! Muongo wewe! Mwanangu, usimsikilize!" Nikaachia. Na kijana alikuwa anaendelea kusema, kwa utaratibu, kana kwamba sipo duniani, "Basi mwambie namsalimia hivyo hivyo." Nikakumbuka jinsi redio hizi zilivyo. Anayetuma hasikii. Mradi mfuko umekalia kitufe chake, naweza kupiga kelele mpaka koo lipasuke na wao wasisikie hata pumzi. Nilibonyeza tena, na tena. Nikampigia mume wangu simu. Haipatikani, tambarare ile haina mtandao. Nikabaki nimesimama katikati ya sebule yangu nikisikiliza jinsi ninavyofanywa jiwe.

Mke wa mwanangu akaleta kibuyu, nikasikia mtoto akichekeshwa na babu yake. Mjukuu wangu huyo, na sikujua hata kama ni wa kike au wa kiume.

Halafu redio ikatoa mlio mfupi, na taa ikazima. Hizi za bei poa zikibonyezwa mfululizo muda mrefu hukata zenyewe zisije zikaungua, na ikishakata inarudi kusikiliza, hata kama kitufe bado kimekandamizwa. Hilo nalijua kwa kuwa mume wangu, mtu wa maneno mengi, imemkata mara nyingi katikati ya sentensi. Nilibonyeza mara moja, safari hii sikupiga kelele. Nilijua sauti yangu itatokea pale chini ya dashibodi, mbele ya magoti yao.

Nikasema, "Mwanangu, huyu ni mama yako. Sijawahi kuambiwa lolote. Sijawahi kukukataa hata siku moja. Nimesikia alichokuambia sasa hivi, na ni uongo."

Nikaachia kitufe, nikasubiri.

Hakuna kitu. Feni tu. Nikafikiri amezima, mzee yule amenyoosha mkono akazima, na kila kitu kimekwisha. Nilikuwa naanza kumtukana kwa Kiiraqw, matusi ya bibi yangu, pale taa ilipowaka. Nilijiandaa kumsikia mzee akitaja namba yake ya leseni, kama afanyavyo kila anapoanza, na maelezo marefu.

"Mama," alisema mwanangu. "Shikamoo."

Nikamjibu marahaba, lakini nilisahau kubonyeza, ikabidi nibonyeze na kurudia.

Akauliza, "Umesikia yote?"

"Yote."

Taa ikawaka tena. Alisema mtoto ni wa kike, ameanza kutembea, na mtu akimpa kitu kwanza anakinusa kabla hajakipokea. Nikamwambia huyo ni wangu, kanirithi.

"Baba yako yuko hapo?" nikauliza.

"Yupo. Amekaa."

"Mwambie ateremke kwenye gari. Nataka kuongea na wewe."

Hakukuwa na haja ya kumwambia, mzee alikuwa anasikia. Mwanangu alikuwa ameshabonyeza ili anijibu, akashikilia kitufe, na mimi huku Mbulu nikasikia mlango wa pikapu ukifunguliwa, kisha ukafungwa.