Miche yangu ya pilipili ilimponza mwenzangu

Admin, naomba unifiche jina, hapa Ilford tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Tanga, na jambo hili nalionea aibu kiasi kwamba hata mume wangu hajui.

Miaka mitano iliyopita nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba za kioo za nyanya, nje kidogo ya London. Walitukataza kabisa kuingiza mmea kutoka nje. Mimi mbishi. Dada yangu alikuja toka nyumbani na miche mitatu ya pilipili mbuzi kaificha kwenye sanduku, na fleti yangu ilikuwa baridi kama friji. Basi nikaipeleka kazini, nikaificha nyuma ya mabomba ya joto. Majani yalikuwa yamejikunja, nikadhani ni baridi. Chini yake kulikuwa na vijinzi vyeupe, nikavipuuza.

Wiki chache baadaye nyanya zikaanza kujikunja na kuwa njano, safu kwa safu. Wakaguzi wakasema ni virusi, vimeenezwa na nzi weupe kutoka nje ya nchi. Nikaitupa miche yangu kwenye pipa la barabarani, nikajikausha.

Meneja akapekua mikoba. Kulikuwa na Mkongomani tuliyekuwa tukipanda naye basi moja, nimwite Mama Furaha. Kwenye mkoba wake akakuta sombe mbichi, majani ya muhogo aliyonunua sokoni Peckham. Akafukuzwa palepale. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, mdomo nimeufunga. Akaniambia huku analia, "Dada, kama njo mimi nilileta bile bidudu, Mungu anisamehe."

Nyanya zote ziling'olewa zikachomwa, na yeye mpaka leo anaamini ni sombe yake. Nikiugua ananiletea ugali na samaki. Kila akinikumbatia najiona mchafu.

Sasa juzi kaja na ombi. Amepata makaratasi yake ya kuishi hapa, anataka na moyo wake utulie, kwa hiyo Jumamosi anakwenda kumwomba msamaha yule tajiri mwenye zile nyumba za nyanya. Kiingereza chake bado kinamsumbua. "Dada, utanisemea," akasema. "Weye ulikuwako."

Nimekubali, maana nilishindwa hata kumtazama usoni. Jamani, nishaurini: nimwambie ukweli kabla ya Jumamosi nimpoteze, au nikasimame pale nimtafsirie anavyoomba msamaha wa kosa nililofanya mimi?