Nilivyozima system ya mzee aliyenifunza computer

Niaje wakuu. Hii nimeikalia muda. Nitaiandika vile ilitokea, bila kujipamba.

Mimi ni dem wa Ziwani, nafanya IT kwa kampuni moja ya kusambaza dawa, Industrial Area.

Mwaka jana nilipewa kuongoza department yetu, na ilikuwa hoi. System ya oda inakwama kila mara. Malori yanangoja getini, hospitali zinapiga simu, na vijana wangu wamezoea kutoshika.

Mkurugenzi akaniita. "Rekebisha kabla mwaka uishe, ama kazi tunapea kampuni ya nje na nyinyi wote mnaenda nyumbani."

Shida ni kwamba hiyo system iliandikwa na Baba Nekesa, mwenyewe, mimi nikiwa bado shule. Ni jirani yetu. Nekesa ni rafiki yangu wa utotoni, na ni kwao sebuleni nilishika computer mara ya kwanza, mzee akinionyesha polepole. Hata hii kazi, yeye ndiye aliniambia ni-apply. Sasa mimi ndio boss wake.

Watu wa mtaa mtanielewa. Mtu kama huyo si workmate, ni mzazi.

Aliposafiri Bungoma kumzika kakake, system ikalala. Hakuna mwingine aliyejua kuiamsha. Mama mmoja wa zahanati akanipigia: insulini imewaishia na oda yao imekwama kwetu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa niwaambie nini wagonjwa?"

Tulimtumia dawa na pikipiki, lakini hapo ndipo nilipoamua system ya mzee lazima ibadilishwe.

Vijana walitaka tulete system mpya kimyakimya, mzee aikute tu. Nikakataa. Aliporudi, Jumapili baada ya kanisa nikaenda kwake.

Nikamwambia yote. Mama Nekesa aliinuka akaenda jikoni, chai yake akaiacha.

"Hiyo kitu nimeilea kama mtoto," mzee akasema.

"Najua, Baba."

"Na wewe pia nimekulea."

Wakuu, nilishindwa kumwangalia.

Jumatatu alikuja kazini kama kawaida. Akakaa na vijana, akawaeleza kila kona ya system yake ndio tuweze kuhamisha data. Hata pale alipokosea aliwaonyesha.

Siku ya kuizima nilimwomba aizime yeye. Nilidhani namheshimu.

"Zima wewe, binti yangu. Mimi usinifanyie hivyo."

Nikazima. Akachukua koti lake, akatoka nje.

Leo dawa zinatoka on time, simu zinashikwa, hakuna aliyefutwa. Watu wananipongeza kwa corridor.

Baba Nekesa aliomba kustaafu mapema, akarudi Bungoma. Nikimpigia anashika. Tunaongea mahindi, tunaongea mvua. Mambo ya kazi hatuyataji.

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kufanya lililo sawa na bado likuume. Na kama lazima ubomoe kazi ya mtu, mwambie uso kwa uso, lakini usimwombe aibomoe kwa mkono wake. Hapo nilikosea, ingawa nia ilikuwa nzuri.

Kama ushawahi kuchukua nafasi ya mtu aliyekulea, hebu niambie hapa chini: mlikuja kuliongelea siku moja, ama mlizoea tu kunyamaza?