Mafuta ya Magoti

Mke wangu hakupenda kutembea mahali tambarare. Daktari alipomwambia atembee kwa ajili ya sukari, nilimpeleka kwenye ile njia ya miguu waliyoitengeneza mjini kwetu Ibra, hapa Oman, yenye taa na viti na watu wanaozunguka kama wamepoteza kitu, na mara ya pili tu akakataa kushuka garini. Alitaka kupanda. Kazaliwa Unguja, ambako hakuna mlima wa kumchosha mbuzi, na uzeeni akaingiwa na hamu ya vilima. Ndivyo tulivyoanza kwenda Fanja kila Jumamosi asubuhi, mwendo wa saa nzima na zaidi mpaka Bidbid zinapokutana barabara, kisha mbele kidogo.

Mji wa zamani wa Fanja uko juu ya kilima. Nyumba za udongo na mawe zimebanana ndani ya ukuta mmoja, na juu yake umesimama mnara wa walinzi uliovunjika upande. Tulikuwa tunaacha gari karibu na wauza vyungu, tunapita katikati ya mitende tukifuata mfereji wa falaj, tunavuka wadi, ule mto wa bondeni, kwa kurukaruka juu ya mawe, halafu tunaanza ngazi. Yeye mbele, mimi nyuma, eti nimdake akianguka. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nahema.

Siku hizi kilima kile kimejulikana. Wapo vijana wanaopanda mbio wakitazama saa mkononi, wapo wasichana wanaokaa ukutani kuchora milango, na chini kwenye wadi familia nzima nzima huchoma nyama tangu asubuhi. Halafu wapo wageni wenye fimbo mbili za chuma, wanaotembea kama wanapiga kasia. Niliwasema sana wale wa fimbo, mpaka magoti yalipoanza kuuma nikanunua zangu. Mke wangu alicheka kuanzia wauza vyungu mpaka langoni.

Wenyeji karibu wote wameshateremka kwenye nyumba mpya za chini, zenye viyoyozi na nafasi ya gari. Karibu na lango walibaki mzee mmoja na mkewe. Mara ya kwanza tulipopita, mke wangu aliegemea ukuta akasema, peke yake tu, "Jamani, miguu yangu." Sauti ikatoka ndani kwa Kiswahili kitupu: "Basi ingia ukae. Mlangoni hakupumzikwi."

Bibi yule alikulia Pemba. Alirudishwa Oman msichana mbichi, akaolewa juu ya kilima hicho, na miaka yote hiyo hakuwa na wa kusema naye lugha aliyochezea utotoni, maana mumewe hajui hata neno moja. Tangu siku hiyo wanawake wakawa wanaingia ndani na malalamiko yao ya magoti, sisi wanaume tunakaa nje barazani na tende na kahawa. Kupitia dirishani nilikuwa nasikia kicheko cha mke wangu, kicheko ambacho nyumbani, pamoja na mimi na televisheni, sikukisikia tena. Niliona wivu kidogo. Sasa nasema.

Mzee alikuwa na adabu za watu wa kale. Ukishakunywa kahawa, akujua asikujue, anakuuliza kwa taratibu, "Shei ulum?", yaani kuna habari gani? Sisi tuliotoka Afrika tunayo mazoea ya kudhani swali linataka jibu. Mara ya kwanza nilimpa habari: breki za gari, mafua niliyoyapata, ugomvi na fundi wa maji. Alinisikiliza macho yamemtoka. Ndani wanawake wakaangua kicheko. Njiani mke wangu akanifundisha alichoambiwa na bibi: hapo mtu hujibu "Ma shei, ila kheir," hakuna kitu ila kheri, hata kama nyumba yako inaungua. Habari yenyewe, kama ipo, huja baadaye, polepole. Nikaishika sawasawa, na nikajiona nimeshakuwa mtu wa pale.

Mke wangu alikufa wiki mbili kabla ya Ramadhani. Homa ya mapafu, siku tisa hospitali, tukamzika Maskati waliko watoto. Watoto walitaka nihamie kwao nikakataa. Mwezi mzima nilifuturu peke yangu Ibra, na kila jioni simu ililia kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa nasema nimekula.

Jumamosi ya kwanza baada ya Idi nikaendesha mpaka Fanja, ambako habari ilikuwa haijafika. Sikuwa nimepanga kitu. Nilipanda zile ngazi nikisimama kila alipokuwa akisimama yeye, nikafika langoni, mzee akanikaribisha, nikanywa kahawa. Akaniuliza habari. Nikasema, "Ma shei, ila kheir." Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu. Nikasubiri sehemu ya pili, ile ya polepole, ambayo angeniuliza jambo nami nikamwambia. Lakini mwanamme wa kule hamuulizi mwanamme mwenzake habari za mkewe. Akaniuliza kuhusu mvua upande wa Ibra.

Bibi ndiye aliyeuliza, kutoka ndani. "Mwenzio yuko wapi leo?"

"Shikamoo, mama. Leo hakuja."

"Marahaba, baba. Ni yale magoti?"

Ningeweza kusema pale pale. Hata mdomo niliufungua. Lakini niliona kwamba katika dunia nzima imebaki nyumba moja tu ambamo mke wangu anaumwa magoti. Kwingine kote alikuwa marehemu, watu wakimtaja wanashusha sauti. Pale alikuwa anachelewa tu. Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni magoti."

Akatoa kichupa cha mafuta ya habasoda na kikopo cha visheti. Mafuta ampake usiku akilala, visheti asile vingi kwa ajili ya sukari. "Mwambie namuombea," akasema.

Nilirudi na vitu vile vimekaa kwenye kiti cha pembeni, alipokuwa akikaa mke wangu, na nikamfungia mkanda. Nilijua ni upuuzi. Nikamfungia tu.

Ikawa hivyo kila wiki. Joto lilizidi, wageni wakapungua, wale wa kuchoma nyama wakahamia milimani kwenye baridi, na mimi bado napanda. Nilikuwa mwongo mwenye bidii. Bibi akiuliza, maumivu yamepungua? Nasema kidogo. Analala? Analala. Anakusalimu sana, mama. Vichupa vikajipanga jikoni, na visheti nilivila mwenyewe, mchana, nimesimama. Kila Ijumaa usiku niliapa kwamba kesho nasema, na kila Jumamosi nikiiona nafasi yenyewe, naogopa. Nikisema nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu peke yangu. Tena nitakuja kufanya nini pale, mwanamme mzee asiye na mtu wa kumsindikiza?

Jumamosi ya tisa nikamkuta mzee amekaa barazani peke yake na kahawa haijamiminwa. Akanionyesha kidole chini, kwenye ngazi. Bibi alikuwa ameshaanza kuteremka. Kavaa baibui lake la kutokea na viatu, mkono mmoja ukutani, mwingine umebeba furushi. Mtu yule alikuwa hajatoka nje ya lango kwa miaka miwili, ila mara moja walipompeleka hospitali, na siku hiyo alibebwa. Tulipishana vipi sijui. Nadhani alipita nyuma ya ule mnara, kwenye ngazi za zamani zinazoungana na hizi huko chini.

Nikamkimbilia. "Mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwako. Utanichukua na gari lako, Jumamosi ijayo utanirudisha." Hakusimama. "Mafuta ya kupaka mtu mwenyewe hayafai. Magoti yanataka kukandwa. Kwetu Pemba mama yangu alikuwa anakanda watu, mimi naijua kazi hiyo. Na mwenzangu yule nina hamu naye, yakhe. Tangu aache kuja sijazungumza."

Alisema hivyo na akashuka ngazi nyingine. Mimi nilikuwa nazihesabu moyoni, maana kila moja aliyoteremka angelazimika kuipanda. Goti lake lilikuwa linatetemeka chini ya baibui. Akashuka tena moja. Nikamzunguka nikasimama mbele yake, na fimbo zangu zikaanguka zikagonga mawe mpaka chini.

"Mama," nikasema, "hayupo. Alikufa."

Akakaa pale pale kwenye ngazi, furushi mapajani.

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Ramadhani hii iliyopita?"

"Hii hii, mama."

Nilimwona anahesabu, kwa pingili za vidole, kama wanavyohesabu tasbihi watu wasio nayo. Nikaanza kumwomba msamaha kwa kuwa nilimdanganya, kwa mafuta, kwa visheti, kwa salamu za uongo, maneno yakitoka hovyo hovyo. Akainua mkono kuninyamazisha.

"Si hilo," akasema. "Uongo wako wewe na Mola wako. Mimi kila sala namuombea mwenzangu miguu. Kila sala, baba. Namuombea miguu maiti. Mwezi mzima wa Ramadhani, milango ya pepo iko wazi, wenzake wanaombewa rehema, yeye mimi namtakia apande kilima. Umemnyima."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilidhani kitu nilichokuwa nakificha ni changu. Nililia pale mbele ya bibi wa watu, mwanamme wa miaka sitini na saba, jambo ambalo sikulifanya makaburini kwa sababu watoto walikuwa wananitazama.

Mzee alikuwa ameteremka kutufuata. Nadhani alielewa kwa kututazama tu. Alisimama ngazi moja juu yetu, kilemba mkononi. Bibi akamwambia kwa Kiarabu, maneno mawili. Mzee akasema, "Inna lillahi," naye akakaa. Wote watatu tukawa tumejipanga kwenye ngazi, na jua limeshaanza kuwa kali.

Bibi akafungua viganja vyake mbele ya uso. Kisha akasita, akanigeukia.

"Jina lake nani?"

Miaka yote ile alikuwa akimwita kwa jina la mwana wetu wa kwanza, mama fulani, kama inavyostahiki. Jina lake mwenyewe hakupata kuambiwa. Nikamtazama mumewe. Mimi sijawahi kulitaja mbele ya mwanamme asiye ndugu, tangu nimuoe, na tangu tumfukie sikuwa nimelitaja mbele ya mtu yeyote.

Nikalitaja.

Bibi akalirudia polepole, ili asikosee. Na mzee naye akalitamka katika dua, kwa lafudhi yake ya pale Fanja, mara moja tu, macho chini, na mimi nikaitikia amina.