Mwenye Kutajwa Asikie Kwanza

Wifi yangu, dada wa tumbo moja wa marehemu mume wangu, binti wa pili wa fundi viatu na mama aliyefua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapinda, ndiye anayeitwa Sindano. Jina la kuzaliwa analo, lakini hata posta hawalijui. Ndiye aliyefukuzwa kazi kiwandani kwa wapiga chapa kwa kumwambia bosi wake kwamba kitabu anachokichapa hakifai hata kufungia karanga. Ndiye aliyekuta chumba cha shule ya msingi kimejaa madawati mabovu na panya, akayatoa madawati kwa mikono, akawatoa panya kwa ufagio, akapigilia rafu. Ndiye aliyeshona migongo ya vitabu zaidi ya elfu kwa sindano ya viatu ya baba yake, na jina likatokea hapo, ingawa wengine husema lilitokea mdomoni. Na ndiye aliyekaa na ufunguo wa chumba hicho miaka ishirini na miwili, walimu wakuu watano wakija na kuondoka.

Nayasema haya kwa kuwa ni kweli. Si kwa kuwa nampenda. Simpendi, naye hanipendi, na mtaa mzima unalijua hilo kama unavyojua bei ya chumvi.

Kazi yake ilikuwa kuchagua vitabu. Watu hudhani kuchagua vitabu vya watoto ni kutazama picha na kusema hiki kizuri, hiki leteni. Siku moja alikuja muuzaji, kijana wa tai, na boksi la vitabu hamsini. Nilikuwepo, nimepeleka mikate ya walimu.

"Vyote vina picha za rangi, mama," akasema muuzaji.

"Hata nyoka ana rangi. Humu ndani mtumishi wa nyumbani yupo?"

"Yupo. Hiki hapa, ukurasa wa kumi."

"Anafanya nini?"

Kijana akatazama. "Anaiba kijiko."

"Na kwingine?"

Akafunua cha pili, akafunua cha tatu. "Hapa anaiba hereni."

"Nina watoto kumi na wanne darasa la tano ambao mama zao ni watumishi wa nyumba za watu. Wewe unataka niwakabidhi kijiko na hereni." Akalibeba boksi mwenyewe hadi langoni, akaliweka chini, akarudi kushona.

Alikuwa na kanuni moja, na hakuna aliyemfundisha. Mwenye kutajwa asikie kwanza. Kitabu cha mtoto wa dobi alikipeleka kwa dobi, akamsomea huku pasi ikiwa motoni. Cha mvulana anayependa kupika alimsomea mpishi wa hospitali. Cha binti aliyekimbia vita na mama yake alimsomea yule muuza maji aliyevuka mpaka na ndoo moja kichwani. Cha wasichana wakubwa, kinachoeleza mwili na damu ya kila mwezi bila kuzungukazunguka, alimsomea mkunga na kina mama watatu, na mmoja wao akalia kwa kuwa yeye hakuambiwa na mtu. Mwenye kutajwa akikunja uso, kitabu hakiingii. Akicheka kwa raha, kinapigwa mhuri.

Mimi sikuwahi kusomewa. Naoka mikate. Tanuri langu liko nyuma ya nyumba, la matofali, la kuni, na nimelikodolea macho miaka thelathini na minane. Macho yangu ni mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia, na sijalia tangu mazishi ya mume wangu. Hata siku hiyo sikulimaliza kilio changu, kwa sababu Sindano alisimama mbele ya watu akasema nimemlisha kaka yake mkate mweupe mpaka moyo ukamshinda. Miaka minne hatukusemeshana. Nyumba zetu zimeachana milango mitatu.

Basi ikaja asubuhi moja, mtoto wa jirani, msichana wa darasa la nne anayechukua mikate miwili kila siku, akasimama ng'ambo ya barabara na sarafu mkononi. Havuki.

"Njoo uchukue mikate yenu," nikamwambia.

"Bibi, eti wewe ndiye yule wa kwenye kitabu?"

"Kitabu gani?"

Alikimbia. Kesho yake walikuwa watatu wanaopita mbio mbele ya nyumba yangu wameziba pua. Siku ya tatu mke wa kinyozi alirudisha mkate mzima, haujakatwa, akauweka juu ya ukuta bila kunitazama. Wiki ikaisha nikiwa na mikate thelathini imekauka na jiwe limegonga mlango wa tanuri. Mwanamke anayekaa peke yake akishaitwa mchawi, mnajua mwisho wake unavyokuwa. Mimi nimewaona wawili katika maisha yangu, na mmoja hatukumzika mzima. Kwa hiyo msiniambie ni utoto tu.

Nilimwomba yule msichana, kupitia mama yake, anionyeshe hicho kitabu. Nina darasa la saba, cheti ninacho, nikakisoma chote kwa saa moja. Kilikuwa cha binti asiyeweza kutembea, anayesukuma kiti chake cha magurudumu, jasiri, mwenye akili, anayekiokoa kijiji. Sehemu hiyo sina neno nayo. Anakiokoa na nini? Anakiokoa na kikongwe anayekaa peke yake, moshi ukitoka nyuma ya nyumba, macho mekundu. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa na mhuri wa Sindano.

Nikavaa viatu nikaenda shuleni. Sikubisha hodi. Alikuwa ameinama anashona.

"Wifi," nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Nani kafa?"

"Bado. Ila ukiendelea hivi nitakuwa wa kwanza."

Nikamfunulia kitabu mezani. Akakitazama, akakata uzi kwa meno.

"Hiki kimepita. Nilimsomea fundi cherehani, yule wa kiti cha magurudumu. Alicheka mpaka akapaliwa. Alisema maisha yake yote hajawahi kumwona mtu kama yeye akishinda."

"Na huyu?" Nikaweka kidole juu ya kikongwe. "Huyu ulimsomea nani?"

Akakivuta kitabu, akakisogeza karibu na macho.

"Huyo ni adui wa hadithi," akasema. "Hadithi lazima iwe na adui."

"Na adui lazima awe na tanuri nyuma ya nyumba?"

"Ningekuletea ungenifukuza na koleo la mikate."

"Ningekufukuza baada ya kusikia. Kanuni ni yako, si yangu. Umeivunja kwa kuwa aliyetajwa ni mimi."

"Sikukukumbuka hata kidogo," akasema, na nilijua ni kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilipaza sauti. Sioni aibu kusema, nilipaza sauti mpaka madarasa mawili yakaacha kusoma. Na mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye duka la vifaa vya ujenzi tunayemwita Misumari, hakuhitaji zaidi. Jioni ile ile alikuwa barazani kwangu.

"Mama, umeonewa," akasema. "Njoo kikaoni Jumamosi uyaseme hayo hayo. Chumba kile tutakifunga. Nina orodha ya vitabu ishirini na sita vinavyoharibu watoto, nilikuwa natafuta shahidi tu."

Nikamwambia nitakuja. Nilikuwa nawaka. Nilitaka nimwone Sindano akikabidhi ule ufunguo.

Jumamosi tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, watu wazima kumi na tisa. Fundi cherehani alikuja pia, kiti chake kikanyanyuliwa na wanaume wawili kwa sababu mlango una kizingiti. Misumari akasoma orodha yake. Mvulana anayepika, kiondoke. Binti aliyekimbia vita, kiondoke, kinafundisha watoto kuwahurumia wageni. Cha mwili wa wasichana, hicho hata jina hakulitamka, alikohoa tu. Akamaliza na cha kikongwe, akanigeukia.

"Mama Mikate, simama. Waambie chumba kifungwe."

Nikasimama. Sindano alikuwa ananitazama kama mtu anayengojea kung'olewa jino, hajafumba macho. Na maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu Jumatano. Lakini nikaona jambo moja. Wakikifunga chumba, watoto wataenda nyumbani na yule mchawi vichwani mwao, mlango utapigwa kufuli, na hapatakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba walidanganywa. Mimi nitabaki na macho yangu.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi nimetukanwa na kitabu kimoja. Hivyo ishirini na tano vimekutukana wewe?"

"Mama, tulikubaliana—"

"Cha mvulana anayepika kilikukosea nini? Mkeo aliposafiri mwezi mzima, ulinunua kwangu mikate minne kwa siku. Ungekisoma ungejua walau kukaanga yai."

Watu wakacheka, hata karani wake. Nikasubiri wamalize.

"Sikuja kufunga chumba. Nimekuja kusomewa. Haki yangu ilirukwa, nataka niipate hapa hapa, mbele ya watu."

Sindano akainuka. Hakuniomba radhi. Alikichukua kitabu, akasoma kwa sauti ile kavu, ukurasa baada ya ukurasa, akinionyesha kila picha kama kanuni yake inavyotaka. Ukurasa wa tisa watoto wa kijiji wanaipiga mawe nyumba ya kikongwe, na kitabu kinasema kila mtu alipiga makofi.

Fundi cherehani akasema polepole, "Na mimi nilipiga makofi hapo." Akatazama magurudumu yake. "Nilikuwa nimefurahi kuona mtu kama mimi. Sikuuliza nani anapigwa."

Sindano akamaliza, akakifunga. "Mwenye kutajwa, kiingie au kisiingie?"

"Kisiingie."

Akatoa kalamu, akaupiga mhuri wake mstari. Kisha akamgeukia Misumari. "Hiki kimoja nimekosea, na nimekosea kwa uvivu. Hivyo vingine kila kimoja kina mtu aliyekisikia. Niwaite waje, uwaambie usoni kwamba wao ni uharibifu?" Misumari akasema tupige kura. Mikono kumi na miwili kwa saba, chumba kikabaki.

Tulipotoka nikamwambia, "Hata samahani huna."

"Ulitegemea nipige magoti? Kaka yangu alishakupigia, yanatosha."

Lakini kura haziuzi mkate. Jumatatu watoto bado walipita mbio. Jumanne nikaenda mlangoni kwake, sikuingia, nikasema kutokea nje, "Kitabu umekitoa. Vichwani mwao utakitoa lini?" Nikaondoka kabla hajajibu, maana nikimwachia neno la mwisho silali.

Jumatano saa mbili asubuhi nilisikia miguu mingi uani. Sindano, na nyuma yake darasa la nne zima, watoto arobaini na mmoja, wamepanga mstari. Hakuomba ruhusa. Ng'ambo ya barabara kina mama wachache walisimama wamekunja mikono, mke wa kinyozi akiwa wa mbele.

"Fungua tanuri," Sindano akaniambia.

"Kuni ni mbichi leo. Moshi ni mwingi."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Nikafungua. Moshi ukatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi.

"Sogeeni," akawaambia. "Karibu zaidi. Msifumbe macho. Hesabuni hadi mia moja."

Hawakufika hamsini. Walikohoa, walilia, walikanyagana. Alipowaruhusu kurudi nyuma, aliwaambia watazamane. Kila mmoja macho yake yalikuwa mekundu, na ya kwake yeye pia, yanachuruzika hadi kidevuni.

Yule msichana wa jirani akasema, "Bi Sindano, wewe umekuwa mwekundu kuliko Bibi."

"Hiyo ni hesabu ya hamsini. Huyu amehesabu miaka thelathini na minane ili nyie mle asubuhi." Akajifuta kwa kanga. "Niliwapa kitabu cha uongo. Kosa ni langu, si lake. Aliyerusha jiwe ajijue, na akajitaje kwangu kabla ya kengele ya saa nne. Lakini msimzoee sana, ana hasira mbaya."

Wavulana wawili walijitaja. Mikate ilianza kuchukuliwa tena, si yote, si siku moja. Mke wa kinyozi anapita upande wa pili wa barabara mpaka leo. Apite.

Alhamisi, wakati nakanda, Sindano aliingia jikoni kwangu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alibeba vitabu saba kifuani. Akavitua juu ya meza ya kukandia, juu ya unga.

"Hivi saba vina vikongwe ndani," akasema. "Vimekaa rafuni miaka, sikuwahi kuvipeleka kwa mtu. Soma."

"Nina kazi."

"Kila siku unatutajia darasa lako la saba. Basi litumie."

"Na nisipotaka?"

"Basi watasomewa watoto hivyo hivyo vilivyo, na mimi nitalala salama kwa kuwa nilikuletea." Akavuta kiti, hakukaa, alikisogeza tu kunielekea. "Penye tusi weka kipande cha karatasi. Usikunje ukurasa. Wala usikiache kimoja kwa sababu kikongwe wake ni mwema, hao wema nao huwa wamepakwa sukari mpaka hawana meno. Nataka majibu ya vyote Jumatatu. Na kuanzia leo, chochote kitakachoingia chumba kile kikiwa na mwanamke mzee, kitapita kwanza mikononi mwako, mimi niwepo au nisiwepo."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa naendelea kukuchukia. Anza na hicho kinene."