Gauni la Mwezi Ujao

Kwenye karakana ya London ambako wanawake walipaka rangi kwa mkono picha za mitindo ya gazeti, Tamsin, mmoja wao, aliyaona magauni ya mwezi ujao kabla ya mabibi wenyewe. Safari hii akajishonea moja kwa pazia kuukuu, mikono ya gauni imefura kama ya pichani, akaenda nalo kanisani kichwa juu.

Mwezi uliofuata gazeti likatoka. Bibi Pelling, mke wa mwenye karakana, akaingia kanisani na gauni hilohilo, ila la hariri. Watu wakanong'onezana. Walipotoka nje akamjia juu Tamsin, aliyekuwa amevaa lake la pazia.

"Wewe kibarua, unathubutuje kuniiga?"

"Nikuige wapi, bibi? Kanisa zima lilishaniona nalo. Wanachoulizana leo ni kwa nini unamuiga kibarua wako."